Siku Zinapokoma

Msichana anapovunja ungo, ukoo hushughulika. Shangazi huitwa, bibi huitwa, na mwali huketishwa chini akaelezwa mwili wake umeingia katika hali gani. Akiolewa, hufundwa tena. Akishika mimba, huandikiwa kadi ya kliniki, hupimwa uzito, huchomwa sindano ya pepopunda. Lakini mwanamke huyo huyo akikaribia miaka 50, na ile damu iliyomshughulisha kila mwezi ikakatika, haitwi mtu. Hakuna kadi wala shangazi. Yeye mwenyewe ndiye shangazi sasa, na watu wote hudhani anajua.

Mimi ni mkazi wa Idodi, huku chini kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, ambako jua ni kali na watu hulima mpunga. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 51. Joto la ghafla la usiku nililitegemea, kwa kuwa wanawake hulisema waziwazi shambani, tena kwa kucheka. Lisilosemwa ni ukavu. Uke hukauka, huwasha, mkojo huchoma, na tendo la ndoa lililokuwa faraja huwa kama kidonda kinachotoneshwa.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Nilipoanza kujitenga naye hakugomba. Alianza kukaa nje na redio yake hadi usiku wa manane, akingoja nilale kwanza. Jioni moja akaniuliza kwa upole, "Mama, nimekukosea nini?" Swali lile liliniuma kuliko maradhi yenyewe. Nilitafuta neno la kumjibu, sikulipata. Mwanamke aliye katika hali kama yangu husemwa kuwa "anamnyima mumewe unyumba". Msemo huo unamjua mnyimaji na mnyimwa tu, maumivu hauyajui.

Nilikwenda katika kituo kimoja cha afya. Mganga kijana alinisikiliza huku akitazama meza, akasema, "Bibi, huo ni umri," kisha akaniandikia dawa ya fangasi bila kunipima. Nilimaliza dozi, hali ikabaki ile ile.

Aliyenieleza vizuri ni mkunga mmoja mstaafu. Baada ya kamwene na habari za mavuno, nilimweleza yote. Hakucheka. "Mdogo wangu," alisema, "ni kweli umri ndio ulioleta. Hata macho hupungua nguvu kwa umri, na mbona tunavaa miwani?"

Ndipo nilipofahamu kwamba hedhi inapokoma, yaani mwanamke anapotimiza miezi 12 bila kuona siku zake, ovari huwa zimepunguza sana kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiufanya ukuta wa uke uwe mnene, laini na wenye unyevu. Ikipungua, ukuta huwa mwembamba na huchubuka upesi, na njia ya mkojo nayo hudhurika. Joto la ghafla kwa kawaida hupungua miaka inapopita. Ukavu usipotibiwa huendelea, na mara nyingi huzidi.

Tiba zipo, na zinapanda kama ngazi. Ya kwanza ni vilainishi vya maji, ambavyo hupakwa wakati wa tendo lenyewe, na krimu za kuongeza unyevu, ambazo hutumiwa kila baada ya siku chache hata kama hakuna tendo. Mafuta ya nazi yaliyo safi huwasaidia wengine, lakini mafuta ya aina yoyote huharibu kondomu za mpira. Jambo hilo si dogo katika mkoa wetu: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima 100 wa Iringa, 11 hivi wanaishi na virusi vya UKIMWI. Na uke uliochubuka hufungua mlango kwa virusi hivyo.

Vilainishi visipotosha, ipo estrojeni ya kuweka ukeni, ya krimu au kidonge kidogo. Kwa kawaida huwekwa kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, na nafuu kamili huja baada ya wiki kadhaa. Wengi waliiogopa homoni tangu mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa baada ya kuonekana hatari ya saratani ya matiti na kiharusi. Lakini wanawake wale walikuwa wakimeza vidonge vya homoni mbili. Dozi ndogo ya ukeni huingia kwenye damu kidogo mno. Hata hivyo dawa hii ni ya kuandikiwa na daktari, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti sharti aseme kabla ya kupewa. Huku vijijini si rahisi kuipata. Yafaa kuiulizia mjini.

Vipo pia vya kuepukwa. Sabuni ya manukato ndani ya uke huzidisha ukavu. Shabu, ambayo wengine huiweka ili "kubana", hukausha na kuchubua pale pale palipokwisha kuwa pembamba. Na damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, usiseme ujana umerudi. Nenda ukapimwe, maana yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa kuwashambulia wanawake wa Tanzania, au ya mji wa mimba.

Kilainishi kilinisaidia kiasi, krimu ya daktari ikanisaidia zaidi. Lakini kabla ya dawa zote hizo nilimjibu mume wangu. Nilimwambia, "Hukunikosea kitu. Naumia." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani umenichoka." Usiku ule redio ilizimwa mapema, na hatukufanya lolote ila kuzungumza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tuliokwisha kuzaa tunadhani methali hiyo imetuacha, lakini bado inatuhusu: anayeficha pia hatibiwi, na mwenzake hubaki akijihesabia makosa asiyoyatenda. Binti zetu tuliwaketisha chini siku zao zilipoanza. Tuwaketishe tena kabla hazijakoma, na safari hii waume zao nao waitwe.