Sokwe Waliorushiana Ndizi Kariakoo

Wewe mjukuu wangu unayejifunza kuandika programu kwenye simu huku umelala chali, huenda usiniamini nikikwambia kwamba mwalimu wangu alikuwa sokwe. Mwaka 1996, Mkapa akiwa ndiyo kwanza anakizoea kiti cha Ikulu, nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Duka lilinuka simenti, tapentaini na jasho la wapakiaji. Tajiri wetu, mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinunua kompyuta kuukuu kwenye ofisi moja ya mjini, akaifunika kitambaa cha kufuma kana kwamba ni bibi harusi. Kompyuta zilikuwa bado haba. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na hata marufuku yalipolegezwa, aliyejua kuziendesha alihesabiwa msomi. Ada ya kozi ya kompyuta ilishinda mshahara wangu.

Mashine ile ilikuwa na mfumo wa MS-DOS, na tangu toleo la tano, la mwaka 1991, Microsoft walikuwa wametia humo QBasic, lugha ya kuandikia programu, bila kudai senti ya ziada. Pamoja nayo ulikuja mchezo: sokwe wawili juu ya maghorofa wanarushiana ndizi zinazolipuka. Unaandika pembe, unaandika kasi, ndizi inaruka. Lakini utamu haukuwa katika kulenga shabaha. Mchezo mzima ulikuwa wazi, mstari kwa mstari, uusome na kuuchokonoa upendavyo. Nikageuza maneno ya mwanzo kuwa Kiswahili, nikabonyeza F5, skrini ikanisalimu kwa lugha ya mama yangu. Mchezo uliuliza hata nguvu ya mvutano, 9.8 ikiwa ya dunia yetu. Nikatia 2, ndizi zikapaa hadi zikapotea. Fizikia niliyoikariri sekondari ikaniingia pale, duka limefungwa, mbu wananila miguu. Nikikwama nabonyeza F1, maelezo yanafunguka na mifano yake, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka ule wa 1996, iko pajani. Watu husema tulijifunza wenyewe. Mimi hukataa: kuna mtu Marekani aliyeketi akaiandika mifano ile kwa subira, bila kumjua karani wa Kariakoo.

Mgawo wa umeme ulitufundisha adabu. Kila baada ya mistari michache nilihifadhi kwenye disketi, kila moja shilingi mia tano. Hatimaye nikaandika programu ya madeni: jina la fundi, misumari, mabati, salio. Printa ilipolia na kutoa karatasi ya kwanza, tajiri aliisoma mara mbili, akatuma kijana akamwite fundi aliyekuwa akibisha deni tangu Ramadhani. Fundi akatazama, akakuna kichwa, akalipa nusu.

Jirani yetu muuza vigae akaja kuniuliza bei ya programu kama ile. Nikamtajia elfu thelathini, huku sauti ikinitetemeka, akazihesabu palepale juu ya kaunta. Jioni ile ile nikaanza kufuta misumari na kuandika vigae.