Kwa Hisani ya Nani?

Kompyuta niliyoanzia kazi pale Eldoret ilikuwa imebandikwa stika nyingi hivi kwamba usingejua imeundwa na kampuni gani. Kulikuwa na ya mfadhili aliyeinunua, ya mradi uliokuwapo kabla yake, ya hospitali, ya idara, na nyingine iliyochubuka ikabaki nusu ya neno. Nilikuwa karani wa data. Fomu za karatasi zilikuja kwa gari kutoka vituo vya vijijini, zimejazwa na matabibu kwa kalamu, nasi tukiziingiza moja baada ya nyingine: uzito, dawa, kikohozi, tarehe ya kurudi. Programu iliyopokea yote hayo iliitwa OpenMRS. Yenyewe haikuwa na stika.

Ilinichukua muda kujua kwamba programu hiyo, ambayo leo inatumika katika nchi zaidi ya 40, ilibuniwa kwa sababu ya foleni ya wagonjwa wetu sisi. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha AMPATH, mpango wa kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI magharibi mwa Kenya. Kumbukumbu za wagonjwa zilitunzwa katika mfumo mdogo uliotokana na ule wa kituo cha afya cha Mosoriot, uliojengwa juu ya Microsoft Access. Wagonjwa walipoongezeka, mfumo ukaanza kulemewa. Februari 2004 wakaja Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wataalamu wa mifumo ya taarifa kutoka Regenstrief Institute ya Indianapolis, wakatazama hali ilivyo, wakaamua kuanza upya. Mwaka huohuo wakaungana na Partners In Health, waliokuwa na shida ya namna hiyo huko Haiti, na baadaye Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini likajiunga. Februari 2006 mfumo mpya ulianza kazi Eldoret. Agosti ulikuwa umefika Rwinkwavu, Rwanda.

Waanzilishi walitaka uwe wa chanzo huria ili hospitali yoyote iuchukue bure, iurekebishe na kuurudisha ukiwa bora zaidi. Kichekesho ni kwamba miaka ile ya mwanzo tuliingiza data kwa fomu za InfoPath, ambayo ni programu ya Microsoft ya kununuliwa. Hilo halikumsumbua mtu. Usiku wa kuamkia siku ya ripoti hakuna anayeuliza leseni.

Kilichoanza kunisumbua mimi ni slaidi ya mwisho. Kila aliyekuja kutoa mada alifunga kwa slaidi ya shukrani, nembo zimepangwa safu kwa safu: Shirika la Afya Duniani, CDC ya Marekani, Rockefeller Foundation, PEPFAR (mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI), na nyingine kadiri miaka ilivyokwenda. Kabla ya hiyo kulikuwa na slaidi ya ramani yenye nukta. Kila nukta ilikuwa mahali programu inapotumika, na sisi tulikuwa humo, nukta iliyozibwa na nukta nyingine za Afrika Mashariki. Wenye nembo walikuwa wanatoa. Wenye nukta walikuwa wanapokea. Mimi niliyekuwa nakaa ndani ya nukta nilimwona mwenzangu wa meza ya pili akigundua hitilafu, akiiandika vizuri na kuituma, na wiki chache baadaye toleo jipya likaja limerekebishwa, likasambaa hadi hospitali ambazo hatutaziona maishani. Je, hapo tulikuwa tumepokea au tumetoa?

Waliokulia Kenya wanazijua harambee. Mshika kipaza sauti husoma jina la mheshimiwa na kiasi alichokuja nacho, watu wakapiga makofi, na darasa likijengwa hupachikwa jiwe lenye jina lake. Akina mama waliochota maji ya kuchanganyia saruji hawasomwi, kwa kuwa ndoo za maji haziingii katika daftari la mweka hazina. Sina kinyongo na mheshimiwa. Bila mabati yake darasa lisingeezekwa. Ila daftari lile limeundwa kuona pesa tu.

Na masharti ya pesa yenyewe yalikuwa wazi. Ukipewa fedha za serikali ya Marekani kupitia USAID, shirika lake la misaada, mkataba ulieleza nembo iwekwe wapi na ionekaneje: mikono miwili inayosalimiana, na maneno kwamba msaada umetoka kwa watu wa Marekani. Hivyo stika hazikuwa majivuno ya mtu. Zilikuwa kifungu cha mkataba, na mkaguzi alikuwa na haki ya kuuliza ziko wapi. Saa za karani hazina mkaguzi.

Nilipohamia upande wa kutengeneza programu, nikaona kasoro hiyohiyo kwa ndani zaidi. Kazi ya OpenMRS ilipopelekwa GitHub, tovuti ambako watengenezaji huhifadhi na kushirikiana msimbo, kila badiliko lilibeba jina na anwani ya barua pepe ya aliyelifanya. Mtu angeweza kukaa Boston akatazama orodha na kusema: huyu wa Regenstrief, huyu wa Partners In Health, kwa kuwa anwani zao zilisema. Sisi wengi tulitumia Gmail. Barua pepe za ofisi zilikuwa na tabia ya kujaa au kulala mtandao ukikatika, na mkataba wako wa mwaka mmoja ukiisha, anwani inakufa pamoja nao. Kwa hiyo kazi iliyofanywa mchana kweupe, kwa mshahara wa taasisi ya Kenya, juu ya meza ya taasisi hiyo, iliingia katika historia ya mradi kama kazi ya kijana fulani mwenye Gmail. Angehesabiwa mtu wa kujitolea. Taasisi iliyomlipa ilibaki nukta.

Haikuwa shida ya OpenMRS peke yake. Aprili 2014 dunia ilishtushwa na Heartbleed, tundu la usalama katika OpenSSL, programu inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti. Ikajulikana kwamba mradi huo, uliotegemewa na kampuni tajiri kuliko nchi nyingi, ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Kampuni kubwa ziliona aibu, Linux Foundation ikazikusanya, mfuko ukaundwa. Mwaka uliofuata, 2015, watu wa Drupal, programu huria ya kutengenezea tovuti, walianza utaratibu ulionivutia zaidi kuliko mfuko ule: kila kazi inapofungwa, aliyeifanya anaweza kutaja kwamba aliifanya kwa muda wake mwenyewe, au kwa muda wa mwajiri wake, au kwa gharama ya mteja. Ukurasa wa kampuni ukaanza kuonyesha ilichofanya, kando ya ilichotoa. Nilipousoma utaratibu huo niliwatumia wenzangu wa Kampala na Kigali, tukaujadili kwa wiki nzima. Mmoja wao alionya kwamba watu wataanza kufungua kazi ndogondogo ili wahesabiwe nyingi. Hakukosea. Kipimo chochote kikishajulikana kitachezewa. Hata hivyo naona heri kipimo kinachochezewa kuliko kisichokuona kabisa.

Kwetu mabadiliko hayakuja kwa kanuni. Yalikuja kwa majina ya vitu. Partners In Health walitengeneza moduli ya kuandikia fomu kwa HTML, ikachukua nafasi ya InfoPath katika vituo vingi, na kila aliyeitumia alijua imetoka kwa nani. Kampuni ya ThoughtWorks iliijenga Bahmni, mfumo wa hospitali, juu ya OpenMRS, ikianza na hospitali moja ya Ganiyari, India, na jina la Bahmni likasafiri. Google ilikuwa ikilipa posho za wanafunzi katika mpango wake wa kiangazi tangu 2007, na wapo miongoni mwao waliobaki kuwa nguzo za mradi. Wafadhili walikuwa walewale na nembo zao zilibaki pale pale, lakini sasa ungeweza kusikia mtu akitaja taasisi kwa sababu ameshika kitu ilichotengeneza.

Kisha ikafika zamu ya Eldoret. Vijana wa AMPATH walikuwa wameunda mfumo wa fomu kwa ajili ya kliniki zao, daktari ajaze mwenyewe mbele ya mgonjwa na karani apumzike. Jumuiya ilipoanza kujenga toleo la tatu la OpenMRS, lenye sura mpya kabisa, mfumo ule ulichukuliwa ukawekwa ndani yake. Watu wakauita kwa jina la ulikotoka: fomu za AMPATH. Nakumbuka nikiwa katika mkutano wa mtandaoni, mtu wa nchi ambayo sijawahi kukanyaga, anayezungumza Kiingereza kwa lafudhi ya Kifaransa, akauliza kwa nini fomu yake ya AMPATH haihifadhi tarehe. Hakuwa anamshukuru mtu. Alikuwa amekasirika. Mimi nilizima kamera nikacheka peke yangu, kwa kuwa taasisi ya Bonde la Ufa ilikuwa inalaumiwa kama mtengenezaji. Ukitaka kujua umevuka kutoka upande wa nukta, angalia kama watu wanakulalamikia.

Jina hilo nalo halidumu. Tayari kuna injini mpya ya fomu inayochukua nafasi, iliyoandikwa na timu nyingine, na ni nzuri. Miaka michache ijayo kijana atakayeifungua hatajua kulikuwa na nini kabla yake. Juu ya faili zenyewe kuna maelezo ya leseni na jina la OpenMRS Inc., basi.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huo shughuli za USAID zikafungwa rasmi. Nilikuwa na marafiki waliopewa barua za likizo bila malipo; wengine hawakurudi. Katika mikutano ya kila wiki viti vilikuwa wazi, mtu akiulizwa kazi fulani imefikia wapi, jibu ni kwamba aliyeishika hayupo tena. Na likazuka swali ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria: ukurasa wa shukrani wa mradi ufanywe nini? Nembo ya shirika lisilokuwapo tena ibaki au iondolewe?

Wapo waliosema iondolewe, kwa sababu ukurasa ni wa wanaotusaidia leo na mfadhili mpya akiuona umejaa majina atadhani tumeshiba. Mimi nilisema ibaki, na iandikiwe miaka. Fedha zile zilinunua dawa, zikalipa mishahara, zikaleta ile kompyuta yenye stika. Kuzifuta leo kwa kuwa bomba limefungwa ni kusema uongo kuhusu jinsi programu ilivyojengwa. Tarehe zingemaliza ugomvi: huyu tangu mwaka huu hadi mwaka ule, yule bado yupo. Ukurasa wa namna hiyo ungeonyesha pia jambo ambalo nembo zilizopangwa safu haziwezi kulionyesha, yaani nani alikuwapo kwa mwaka mmoja wa mradi na nani amekaa miaka 20.

Na waliokaa, ukiwatafuta, wengi ni wale wa nukta. Hospitali za kaunti zinazolipa umeme wa seva. Wizara zinazoruhusu maafisa wao watumie saa za kazi kujaribu matoleo mapya. Vyuo vikuu vya hapa vinavyolipa mishahara ya watu ambao nusu ya wiki hawafundishi darasa lolote.

Nilipewa jukumu la kusaidia kuandika pendekezo la kuwatambua hao. Rasimu niliyoikuta ilikuwa na ngazi za dhahabu, fedha na shaba, kwa viwango vya dola. Ni utaratibu wa kawaida katika miradi mingi ya programu huria na una faida yake: mkurugenzi wa kampuni anauelewa bila kuelezwa. Nikaongeza safu ya saa za wafanyakazi na safu ya miundombinu, nikaipeleka kwa hospitali moja ya kaunti ili nione kama wangeweza kuijaza. Mganga mkuu wa hospitali aliisoma kimya, akamwita afisa wa rekodi za afya, dada ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akitujaribia kila toleo kabla halijatoka.

“Sista, hii nembo yetu wakiiweka huko kwao, wewe itakusaidia nini?”

“Mimi, daktari? Hakuna. Labda waiweke ndogo.”

Wakacheka. Kisha mganga mkuu akanigeukia. Nembo, alisema, hana haja nayo. Anachotaka ni barua. Kila mwaka bajeti inapopelekwa kwenye kamati ya afya ya bunge la kaunti, kuna mjumbe anayeuliza kwa nini hospitali inamlipa mtu wa kushinda kwenye kompyuta wakati hakuna glavu. “Niandikie karatasi yenye mhuri,” akasema, “inayosema kazi ya huyu dada inatumika wapi. Taja nchi. Wanapenda kusikia nchi.”

Nilirudi na kuongeza kipengele hicho katika pendekezo: taasisi yoyote inayotoa saa za watu wake ina haki ya kupewa barua kila mwaka, kabla ya msimu wa bajeti, ikieleza kazi iliyofanywa na ilikofika. Ya kwanza niliiandika kwa Kiswahili na Kiingereza, nikataja Rwanda, Uganda, Msumbiji na Haiti, nikampelekea. Alinirudishia siku hiyohiyo akitaka jina la kaunti lihamishwe kwenye aya ya kwanza.