Pale Ukuta Unapokutana na Bati

Wasomaji wangu wa Dar es Salaam wataniwia radhi kama leo nitazungumzia baridi. Wengi wao wanaijua Lushoto kwa matunda yanayouzwa barabarani pale Soni na Mombo, au kwa picha za mawingu zinazopigwa Irente. Mimi naijua kwa mablanketi matatu. Mji wenyewe uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kinapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, wazee wetu huanza kuota moto kabla jua halijazama.

Mwaka 2017 nilimjengea mama nyumba. Nilikuwa nimerejea kutoka masomoni Ujerumani, na kwetu mtoto aliyesoma asiyemjengea mama yake hana la kujibu msibani. Nilijenga kama wajengavyo wenzangu: matofali ya kuchoma, lenta ya zege kuzunguka nyumba nzima, kenchi za msonobari, bati la rangi. Nyumba ya udongo iliyotulea tukaiacha iwe jiko. Baada ya mwezi mmoja mama akanipigia simu. “Nyumba yako nzuri, baba, lakini usiku inanikimbiza.” Nilicheka. Kumbe kila jioni alikuwa akirudi kwenye ile nyumba ya udongo, akilala karibu na mafiga.

Ajabu ni kwamba somo la baridi ya nyumba nilikuwa nimelisikia, tena kwa wenye nalo. Ujerumani, tangu 2014, mwenye nyumba anayepangisha hulazimika kumwonyesha mpangaji cheti cha nishati, chenye daraja kuanzia A+ hadi H. Chumba nilichokaa kilikuwa cha daraja F, na kila mwezi nililipia daraja hilo kwa fedha za ufadhili. Mtanzania mwenzangu aliyekuwa akisomea uhandisi wa majengo ndiye aliyenieleza jinsi madaraja hayo yanavyopatikana. Joto, alisema, halitoki nyumbani kupitia ukuta na paa tu. Hutoka pia kwenye viungo: pembeni, kandokando ya dirisha, pale sakafu inaposhika ukuta, pale ukuta unapobeba paa. Kila kiungo kina kiwango chake cha kupoteza joto kwa kila mita. Ukikizidisha kwa urefu wa kiungo, kisha kwa tofauti ya joto kati ya ndani na nje, unapata wati zinazokimbia. Wajerumani huviita viungo hivyo madaraja ya joto. Uingereza mjenzi asiyepiga hesabu hiyo hukadiriwa kiwango kibaya makusudi, na alama ya nyumba yake hushuka. Ndiyo maana huko kuna watu ambao kazi yao ni kukokotoa kona.

Nilisikiliza kwa adabu, nikasahau. Mimi ni mtu wa sosholojia. Niliona hayo ni mambo ya watu wenye theluji.

Mama alipokataa nyumba ndipo nikamtafuta yule rafiki. Tukaipigia hesabu nyumba ya mita 10 kwa 8, yenye kuta za kimo cha mita 2.7, usiku ambao nje ni nyuzi 10 na ndani tunataka 18. Nilidhani mkosaji atakuwa lenta, kwa kuwa zege hupitisha joto kuliko tofali. Lenta yote, mita 36, ilitoka na wati 80 hivi zaidi ya zile ambazo ukuta wa tofali ungepoteza mahali pale. Mtu mmoja aliyekaa kimya hutoa wati zipatazo 100. Basi lenta haikuwa na kesi kubwa. Kisha akauliza juu ya lenta kuna nini. Nikamwambia kuna migongo ya bati, na chini ya kila mgongo kuna tundu la kuingiza ngumi, na dari hatukuweka. Akakisia kwamba hewa yote ya nyumba ile inabadilika mara tano kwa saa. Peke yake, hewa hiyo ilikuwa ikiondoka na karibu wati 2,900. Kilo moja ya mkaa ikiungua kwa saa nne hutoa wati zipatazo 2,000. Mama angewasha jiko usiku kucha na bado angekuwa anaupasha moto Mlima Magamba.

Bibi yetu alizaliwa katika msonge, nyumba ambayo nyasi za paa zilishuka hadi karibu na ardhi, mbuzi wakilala ndani na moto ukiwa katikati. Msonge hauna kona, na mahali pa ukuta kukutana na paa ni vigumu hata kupaonyesha. Nao Wajerumani waliouita mji wetu Wilhelmstal walipanda huku wakilikimbia joto la pwani, lakini nyumba zao za zamani zilizobaki zina kuta nene na dohani. Sisi tuliokuja baadaye tulichukua ramani ya nyumba ya Tanga mjini, ambako tundu chini ya bati ni rehema, tukaipandisha mlimani bila kuibadili hata inchi.

Nikatuma fedha. Fundi akaziba kila tundu kwa saruji, akaweka dari ya jipsamu, akabana fremu za madirisha. Mama akahamia, akanishukuru. Nilijiona nimefanya jambo.

Julai mwaka 2019 aliingiza jiko la mkaa chumbani, kama alivyozoea maisha yake yote, akafunga mlango. Binti wa dada yangu, aliyekuwa akilala naye, aliamka usiku kichwa kikimpasuka, akatapika, akatambaa hadi mlangoni. Mama hakuamka. Alizinduka hospitalini siku ya pili. Daktari aliniuliza swali moja tu: je, chumba kina tundu la kupitisha hewa? Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na katika nyumba ya udongo, kama katika nyumba yangu ya kwanza, ilikuwa ikitoka palepale pa bati. Mimi ndiye niliyepaziba. Katika ile hesabu ya wati tuliandika kila kitu isipokuwa moto wenyewe.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono. Lakini jina lenyewe linaonyesha lilikofikiriwa. Kwa mtu wa Kariakoo jiko ni la kupikia, na likizimwa mapema ni heri. Mlimani jiko linapika kwa saa moja na kuotewa kwa saa nne. Ukimpa mama mtungi wa gesi umempikia chai. Jioni yake bado hujaigusa, na kuni za jioni hiyo zitaendelea kutoka msituni. Njombe, Makete na Mbulu wananielewa. Nchi inayotaka kaya za milimani ziache mkaa itabidi iulize nyumba zao zinashikaje joto, na katika kuuliza huko ianzie pale juu ya lenta.

Ya kwetu tulifanya hivi. Tulitoboa matundu mawili madogo ya hewa yasiyozibika. Tukajenga jiko banifu lenye dohani, likiegemea ukuta wa chumba cha mama, ili ukuta upate moto na moshi upande zake. Juu ya dari tukamwaga maranda ya mashine ya mbao yaliyochanganywa na chokaa, yakiwa mbali na dohani. Mama aliuliza mara mbili kuhusu panya, na alikuwa na haki, panya walikuja. Kipupwe kilichopita nilitundika kipimajoto chumbani kwake. Saa kumi alfajiri kilisoma nyuzi 16, nje ikiwa 9.

Mtungi wa gesi anao. Ameufunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na huuwasha wageni wanapokuja ghafla.