Mashine ya Madamu na mshahara wa mama

Leo naleta habari ya mashine ya kufulia. Najua wengi wetu tunafua kwa beseni, hata sisi kwetu ni hivyo hivyo. Lakini mama zetu na dada zetu wengi hapa Kampala wanafua kwenye nyumba za watu, na kwenye hizo nyumba mashine ziko. Siku mashine ikiharibika, mnajua nani anaulizwa wa kwanza.

Mama yangu anafanya kazi kwa Madamu mmoja huko Muyenga, siku tatu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Analipwa shilingi 180,000 kwa mwezi. Chumba chetu cha Nsambya tunalipa 150,000, kwa hiyo huo mshahara mnaona unaenda wapi. Mimi najifunza kazi Katwe kwa fundi wa friji na mashine za kufulia. Wakati huo nilikuwa nimefika mwezi wa saba. Silipwi mshahara, napewa chakula cha mchana na kitu kidogo siku kazi ikiwa nzuri.

Alhamisi moja mama alirudi jioni kitenge kimelowa mpaka magotini. Hakusalimia. Alikaa kitandani akasema, "Papa, nyumba ya Madamu imejaa maji. Miye njo wanasema nimeharibu mashini."

Jumamosi nilienda naye, maana Madamu anasema Kiingereza na Kiganda, na mama anajua "yes Madam" na "nnyabo" tu. Madamu alituonyesha jikoni. Mbao za chini ya kabati zilikuwa zimevimba. Maji yalikuwa yamefika mpaka kwenye zulia la sebuleni. Akasema amemwita fundi, fundi akaona zile herufi na namba ambazo mashine inaonyesha ikiwa na shida, akasema ubongo wa mashine umekufa, mpya ni 400,000. Kwa hiyo atakuwa anakata 60,000 kila mwezi kwenye mshahara wa mama mpaka ziishe. Nilipiga hesabu kichwani: karibu miezi saba, na kodi haisubiri.

Mama akaanza kujieleza. Aliongea muda mrefu, akionyesha kwa mikono, huku na kule. Alipomaliza, Madamu akaniangalia mimi. Nikasema kwa Kiingereza: "Anaomba msamaha, anasema hakuiharibu."

Hayo tu. Maneno yote yale nikayafanya mstari mmoja. Wale mliozoea kutafsiria wazazi mtanielewa. Kwenye ofisi tumezoea kuambiwa "jibu kwa kifupi, kuna watu wengi nyuma yako." Halafu niliona haya, mama anaongea na mikono mbele ya mtu aliyekasirika. Nilitaka tu aache.

Nikamwambia Madamu mimi ni fundi, aniache niiangalie kabla ya kununua huo ubongo. Fundi sikuwa, lakini nilisema. Akakubali, maana 400,000 hata kwake si kidogo.

Sasa niwaeleze kidogo mashine inavyojaza maji, ili muone kosa langu. Nyuma kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye bomba la ukutani. Maji yakifika kwenye mashine yanakuta vali. Hiyo vali inafunguka kwa umeme, umeme ukikatika inajifunga yenyewe. Maji yanaingia kwenye pipa, na jinsi yanavyopanda yanasukuma hewa ndani ya kimpira kidogo kinachopanda mpaka kwenye kifaa cha kupima. Hewa ikibanwa kiasi cha kutosha, kifaa kinaiambia mashine "imetosha," vali inafungwa, pipa linaanza kuzunguka. Mwishoni pampu inasukuma maji machafu yatoke kwa mpira mnene wa nyuma.

Mimi niliona mashine inajaza bila kuacha. Nikasema, ni vali, haifungi. Niliona kazi kama hiyo Katwe wiki mbili kabla, nikajiona najua. Nikakopa 40,000 kwa rafiki wa kanisani, nikanunua vali iliyotumika, nikarudi Jumapili kuifunga. Nilipokaza msumari wa mwisho, umeme ukakatika mtaa mzima. Nilisubiri saa nzima, haukurudi. Nikamwambia Madamu itakuwa sawa. Nikaenda.

Jumanne maji yalimwagika tena. Afadhali mama alikuwa amesimama karibu, akafunga bomba mapema. Madamu alimwambia kitu ambacho mama hakukielewa, lakini sauti aliielewa.

Nilimweleza bosi wangu wa Katwe. Ni mzee wa Kiganda, mtu wa maneno machache, Kiswahili chake cha kuokoteza. Hakunigombeza. Aliniuliza maswali matatu tu.

La kwanza: "Maji yanamwagika wakati gani? Yakiingia, ikizunguka, au ikitoa?" Nikasema nadhani yakiingia.

La pili: "Ulichomoa umeme ukaangalia kama maji bado yanaingia?" Nikanyamaza. Hicho ndicho kipimo cha vali, ni cha dakika moja na hakina gharama. Ukichomoa waya wa umeme bomba likiwa wazi, na maji yanaendelea kuingia, vali ni mbovu. Yakisimama, vali ni nzima, tafuta kwingine. Mimi nilikimbilia kununua.

La tatu: "Anayeitumia anasema nini?"

Nikamwambia anayeitumia ni mama yangu. Akasema, "Ndiyo. Amesema nini?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mama alikuwa ameongea mbele yangu dakika tano nzima na mimi sikuwa nimesikiliza, nilikuwa natafuta tu neno fupi la Kiingereza.

Usiku tulipomaliza kula nikamwambia, "Mama, niambie tena ile ya mashine. Yote, usiache kitu." Kwanza alishangaa. Halafu akasema: "Nilisema siku ile. Tangu ule fundi wa lavabo alikuja, njo ilianza. Mbele ilikuwa inajaza, inazunguka, bila shida. Sasa inakunywa maji haishibi. Inajaza, inajaza, haizunguki. Na nyuma kule nasikia maji yanapita, shaaa, kama mto. Nilimwonyesha dada wa nyumba, hakusikia maneno yangu."

Fundi wa lavabo ni fundi wa sinki. Wiki mbili kabla ya mafuriko alikuja kubadilisha bomba chini ya sinki la jikoni. Kumbe mama alikuwa amekwisha kuipima mashine kwa masikio.

Alhamisi nikaomba ruhusa kwa bosi, nikapanda Muyenga na mama. Nikafanya kwa utaratibu. Nilifungua maji, nikawasha, yakaanza kuingia. Nikachomoa umeme: yakasimama. Nikaitoa ile vali niliyonunua, nikarudisha ya zamani, nikapima tena: yakasimama pia. Vali ya Madamu haikuwa na shida hata siku moja. Nikachomoa umeme tena, nikafungua kifuniko cha juu, nikatoa kile kimpira cha hewa, nikakipuliza: hakikuziba, hakikutoboka. Nikarudisha vyote, nikawasha, nikazima redio ya jikoni, nikasikiliza. Kweli. Maji yanaingia mbele, na nyuma, shaaa.

Nikavuta mashine. Ule mpira mnene wa kutolea maji ulikuwa umelala sakafuni, mdomo wake kwenye tundu la maji la sakafuni. Nikauliza mama, "Zamani ulikuwa hapa?" Akasema hapana, akaonyesha bomba lililosimama ukutani karibu na sinki, karibu usawa wa kiuno changu. Fundi wa lavabo aliutoa ili apate nafasi ya kufanya kazi, akamaliza, akausahau chini.

Wale mliokulia Bukavu au Goma mnakumbuka wale vijana wa barabarani wanaouza mafuta, tunaowaita Kadhafi. Anaweka mpira ndani ya bidoni, anavuta kwa mdomo, anashusha ncha chini, mafuta yanashuka yenyewe. Akitaka yasimame anainua ncha juu. Ni hivyo hivyo, na hapa hauhitaji hata kuvuta kwa mdomo. Pampu ya mashine inasukuma tu, ikiwa imezimwa haizuii maji kupita. Kinachozuia maji yasitoke wakati wa kujaza ni kwamba mpira umepanda juu kuliko maji yaliyo ndani ya pipa. Ukiulaza chini, maji yanaingia huku na kutoka kule, kifaa cha kupima hakioni maji kupanda, mashine inajaza tu, mwishowe inachoka na kuonyesha zile herufi. Vitabu vingi vya mashine vinasema mdomo wa mpira uwe kama sentimita 60 mpaka 100 kutoka sakafuni.

Niliuinua kwa mkono, mashine ikiwa inajaza. Ile sauti ya nyuma ikakata. Baada ya muda vali ikalia "tak," maji yakasimama, pipa likaanza kuzunguka. Mama akapiga makofi mara moja, halafu akajizuia, juu Madamu alikuwa sebuleni.

Sasa kwa nini jikoni ilijaa, kama maji yalikuwa yanaingia kwenye tundu? Juu tundu lenyewe lilikuwa limeziba. Nilitoa nyuzi, nywele, mabonge ya sabuni na soksi ya mtoto. Maji kidogo ya kudeki lilikuwa linayamudu. Lakini ya bomba lililofunguliwa muda wote, hapana.

Nikarudisha mpira kwenye bomba lake, nikaufunga kwa kipande cha kitenge alichochana mama. Safari hii tuliweka nguo na tukasimama mpaka mwisho, kujaza, kufua, kusuuza, kukamua. Sakafu kavu.

Halafu tukamwita Madamu. Nikamwambia mama, "Sema, mimi nitafuata." Alikuwa anasema sentensi moja, ananingoja, natafsiri, anaendelea. Siku ya fundi wa lavabo. Sauti ya nyuma. Dada wa nyumba. Madamu aliinama akauangalia ule mpira muda mrefu. Akasema, "Okay." Akasema hatakata mshahara. Msamaha hakuomba, na ile vali hakuniuliza nilinunua na nini. Muuzaji wa Katwe alikubali kuichukua tena kwa 25,000. Hizo 15,000 zilizopotea ni ada yangu ya shule.

Kwa wale ambao mashine inawasumbua au inamsumbua mtu wenu kazini, angalieni kwanza vitu vya bure. Maji yakimwagika wakati wa kuingia, angalia mpira wa bombani kama umekazwa na kama ule mpira wa mlango haujachanika. Yakimwagika wakati wa kutoa, angalia mpira mnene na tundu linakoishia. Kama ni povu linatoka, huenda ni sabuni: ile ya kufulia kwa mikono inafanya povu jingi, mashine haiitaki. Mashine ikijaza polepole sana, funga bomba, toa mpira, kuna kichujio kidogo mdomoni mwa vali, mara nyingi kimejaa mchanga. Na kama nyumba inatumia tanki lililo karibu na paa, inawezekana maji hayana nguvu: tanki likiwa mita mbili tu juu ya mashine, msukumo ni mdogo, na mashine nyingi zinataka kama mita tatu mpaka tano au zaidi. Kabla hujagusa chochote ndani, chomoa umeme. Maji na umeme havichezewi.

Na umuulize anayeitumia kila siku: ilianza lini, na siku hiyo nani alikuja.

Mwezi uliofuata mama alikuwa na miadi hospitali, mgongo unamsumbua. Daktari akauliza shida ni nini. Mama akaongea, na mikono, huku na kule. Daktari akaniangalia mimi, kalamu mkononi, na nje foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Daktari, ni maneno mengi kidogo. Naanza mwanzo."