Kabla Mkeka Haujatoka

Muuguzi aliyemaliza chuo cha serikali mwaka 1984 hakuandika barua ya kuomba kazi. Matokeo yalitoka, na baada ya matokeo ikaja barua ya wizara yenye jina la kituo alichopangiwa. Mama mmoja mstaafu anayeishi Mbagala Kizuiani alipangiwa Kigoma wakati hajawahi kusafiri kupita Morogoro. Alipewa waranti ya treni, akapanda Reli ya Kati na sanduku lake la bati, magauni meupe ya kazi ameyapiga pasi na kuyaweka juu kabisa yasije yakajikunja. Alipofika hospitali ya Maweni alikuta jina lake limeshaingizwa kwenye ratiba ya zamu za usiku.

"Mimi sikujua kuwa kazi inatafutwa," huwaambia mabinti wanaomjia kuomba ushauri. "Nilijua unapangiwa."

Hiyo haikuwa bahati yake peke yake. Tangu mwaka 1977 sheria ilikuwa imepiga marufuku hospitali za binafsi zinazoendeshwa kwa faida, kwa hiyo mwajiri mkubwa alikuwa serikali, na baada yake mashirika ya dini. Aliyesomeshwa kwa kodi za wananchi alikuwa na pa kwenda, hata kama penyewe ni mwisho wa reli.

Mambo yaligeuka ndani ya miaka michache. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, hospitali za binafsi zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993, katika kubana matumizi kulikoambatana na mageuzi ya uchumi, serikali ikasimamisha ajira mpya, na ule utaratibu wa kumpangia kila mhitimu ukakoma. Wakati huo mama yule alikuwa amehamia Dar es Salaam, katika hospitali moja ya wilaya. Anachokikumbuka zaidi ni wodi ya wazazi: wanawake wawili kitanda kimoja, muuguzi mmoja zamu nzima ya usiku, na asubuhi, getini, wasichana waliomaliza chuo wakiulizia kama kuna nafasi. Wagonjwa walikuwapo na wauguzi walikuwapo. Kilichokosekana ni kibali cha kuwalipa, na kwa kiasi kikubwa ndicho kinachokosekana mpaka leo.

Hapo ndipo ilipoingia bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, barua iliyoandikwa kwa mkono na picha za pasipoti. Muuguzi mpya alishuka daladala Magomeni, akatembea hadi Manzese na Sinza akipiga hodi zahanati moja baada ya nyingine. Kesho yake akaenda Tandika na Mtoni. Usaili ulikuwa maswali mawili matatu. Unaweza kumwekea mtoto mchanga dripu? Umewahi kuzalisha peke yako? Mwenye zahanati akiridhika, kazi inaanza siku hiyo hiyo, bila mkataba wala makato ya hifadhi ya jamii, na mshahara unategemea wagonjwa waliokuja mwezi huo. Muuguzi huyo huyo aliandika kadi, akapima presha, akachoma sindano, akatoa dawa dirishani, na jioni akapiga deki. Wauguzi waliozisimamisha zahanati hizo, wakati mji unajaa watu kila mwaka, hawajawahi kushukuriwa inavyostahili.

Mafunzo nayo yalitoka mikononi mwa serikali peke yake. Mikocheni, mahali ambapo Hubert Kairuki alianzisha hospitali mwaka 1987, kulianza mwaka 1997 chuo kikuu ambacho sasa kinaitwa kwa jina lake. Vyuo vingine vya binafsi vilifuata mikoani na jijini. Wazazi waliuza viwanja kulipa ada, wakiamini kuwa fani ya afya haimwachi mtu mtaani.

Kwa muda imani hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yalihitaji watu, na wizara ikawa inatoa tena orodha za wahitimu waliopangiwa vituo. Wapo waliopelekwa wilaya za pembezoni, wakaripoti, wakaitazama nyumba ya mtumishi isiyo na maji wala umeme, na kurudi mjini. Wengi waliofanya hivyo hawakujua kuwa mlango ule ungefungwa. Juni 2016 ajira zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 Rais John Magufuli akapokea ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Nafasi zao zilibaki wazi, lakini kuzijaza kulichukua muda, na kila mwaka vyuo viliendelea kutoa wahitimu.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2022. TAMISEMI ilitangaza ajira 17,412 za ualimu na afya, kati ya hizo 7,612 zikiwa za afya. Maombi yalizidi 165,000.

Binti wa mdogo wake mama yule alikuwa miongoni mwa waombaji. Ana stashahada ya uuguzi na ukunga, amefaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, leseni anayo. Maombi yake hayakuhitaji bahasha. Yalihitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa cha RITA, na steshenari iliyo karibu na kituo cha Rangi Tatu, ambako kijana wa kompyuta alimskania vyeti na kuvipunguza ukubwa mpaka mfumo ukavikubali. Baada ya hapo ni kusubiri. Usiku ambao kundi la WhatsApp la waliosoma nao lilianza kuwaka moto, aliingia chumbani kwa mama mkubwa wake bila hodi.

"Mama mkubwa, mkeka umetoka!"

"Tafuta taratibu, mwanangu. Usikimbize kidole."

Alitafuta kwenye mkeka huo, yaani orodha ya waliopangiwa vituo, kwa jina la baba, kisha kwa jina lake la kwanza. Walikuwapo wenzake wawili wa darasani. Yeye hakuwamo. Mwaka 2023 zikaja nafasi 8,070 za afya, na hadithi ikawa ile ile.

Katikati ya mkeka na mkeka alijitolea. Neno hilo linasikika vizuri bungeni, ambako wabunge wamekuwa wakitaka wanaojitolea wapewe kipaumbele katika ajira. Wodini maana yake ni zamu kamili, kuzalisha, kushona, kusafisha, kuandika ripoti ya usiku, na mwisho wa mwezi posho inayoishia kwenye nauli. Hospitali haiwezi kumwajiri kwa sababu tu ikama inaonyesha pengo. Kibali hutoka Utumishi na fedha hutoka Hazina. Halmashauri zenye mapato ya ndani huajiri wachache kwa mkataba. Lakini mtu anayekabidhiwa maisha ya mama na mtoto saa tisa usiku anastahili kulipwa, na hakuna hesabu ya bajeti inayofanya jambo hilo liwe la hiari.

Wengine waliegemea miradi ya wafadhili, hasa kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Mikataba hiyo ililipa vizuri hadi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake na barua za kusitishwa kazi zikaanza kufika. Wengine macho yao yako Ghuba, au wanawatazama majirani kwa wivu: Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza Julai 2021 ya kupeleka huko wauguzi wake wasio na ajira.

Binti yule sasa ameajiriwa na kituo cha afya cha binafsi huko Chamazi. Mama mkubwa wake aliusoma mkataba mstari kwa mstari kabla haujatiwa saini. Makato ya NSSF yamo, likizo imo. Alikwama kwenye notisi ya mwezi mmoja, kwa sababu wanaopangiwa vituo na serikali hutakiwa kuripoti ndani ya siku 14. Wakarudi wote wawili kwa mwajiri, wakaeleza, naye akakubali kumwachia ndani ya wiki mbili akipangiwa kituo.