Buggerru: kijiji cha mgodi kwenye bahari

Ndugu msomaji, baba, mama na wewe kijana, leo tufunge safari ya mbali. Tunavuka Afrika nzima, tunavuka jangwa, tunafika kwenye bahari ya Mediteranea. Katikati ya bahari ile kuko kisiwa kikubwa cha nchi ya Italia, jina lake Sardinia. Usiogope: tunakwenda kwa watu wenye kufanana na sisi. Kule nako baba walishuka chini ya udongo na taa mkononi, na mama walibaki nyumbani wakingoja.

Ukitoka Cagliari, mji mkubwa wa kisiwa, gari inatembea karibu saa moja na nusu. Barabara inapanda milima na inazunguka zunguka sana. Kisha unaona bahari chini yako, na ndani ya bonde jembamba nyumba zimepandana juu ya mawe kama ngazi. Ndiyo Buggerru. Watu wake leo ni karibu elfu moja tu. Saa ya midi, wakati wa jua kali, utasikia sauti ya mawimbi na ya sahani mezani, basi. Wazee wanakaa kwenye kivuli, wanakusalimu polepole.

Lakini usidanganyike na kimya kile. Nchi hii iko na historia juu ya historia, kama nguo zilizopangwa ndani ya sanduku. Karibu na kijiji cha Fluminimaggiore, ambacho ni jirani, kuko bonde la Antas. Pale watu wa zamani wa kisiwa walizika wafu wao. Watu wa Kartago, kutoka Afrika ya kaskazini, wakaja na kumjengea mungu wao Sid hekalu pale pale. Kisha Waroma wakajenga lao juu yake, na mwanzoni mwa karne ya 3 wakalitengeneza tena. Nguzo zake za mawe zinasimama mpaka leo katikati ya miti.

Wote hao walitafuta nini? Risasi na feza. Milima ile ilijaa mawe yenye mali. Na Waroma walikuwa na azabu moja ya kutisha: kumpeleka mtu kwenye migodi. Wakristo wengi walihukumiwa hivyo. Kalisto, aliyekuwa mtumwa, alitumika katika migodi ya Sardinia. Akafunguliwa, na nyuma yake akawa Papa wa Roma. Mwaka 235 Papa Ponsiano naye alifukuzwa Roma na kupelekwa Sardinia. Aliacha kiti chake ili Kanisa lisibaki bila mchungaji, na akafa kule uhamishoni. Na mtakatifu mwenye kulinda kisiwa, Antioko, mapokeo yanasema alikuwa mganga kutoka Afrika ya kaskazini, akahukumiwa kuchimba kwa ajili ya imani yake. Basi, wewe mwenye kuvaa kofia ya mgodi, usiseme kwamba watakatifu hawajui kazi yako. Wengine waliifanya.

Sasa turudi Buggerru. Kijiji chenyewe kilizaliwa katika miaka ya 1860, na sosiete moja ya Wafaransa, Malfidano, ilichimba pale zinki na risasi. Kila kitu kilikuwa cha sosiete: nyumba, hospitali, mpaka kantini ambamo mfanyakazi alinunua chakula. Wakubwa walikuwa na ukumbi wao na michezo yao, na watu wakapaita mahali pale Paris ndogo. Wafanyakazi walikaa katika nyumba za kubanana. Wanawake na watoto walichagua mawe, mazuri kwa upande huu, mabaya kwa upande ule, siku nzima. Najua, msomaji, hauna lazima ya kuelezewa sana mambo hayo.

Mwezi wa Septemba 1904 mkurugenzi alitoa amri. Wakati wa joto, wafanyakazi walikuwa na mapumziko ya saa tatu nzima katikati ya siku. Yeye akasema: tangu tarehe 2 Septemba yatakuwa saa mbili tu. Saa moja imeondolewa. Utasema: saa moja ni kitu gani? Lakini kwa mtu aliyetoka ndani ya shimo, saa ile ni kufika nyumbani, kunawa, kukaa na watoto, kula mkate bila kukimbia, kulala kidogo. Ni saa ambayo mtu anakuwa tena baba, si mikono tu.

Wafanyakazi karibu 2,000 wakaacha kazi. Mkurugenzi akaita maaskari. Tarehe 4 Septemba, siku ya Mungu, wajumbe wa wafanyakazi walikuwa wanazungumza na wakubwa. Inje, watu walikusanyika mbele ya nyumba ya maseremala, iliyokuwa inatengenezwa ili basoda walale ndani. Mawe yakatupwa. Basoda wakapiga bunduki. Watu watatu walikufa, wengine wakaumia. Habari ikakimbia Italia yote, na mwezi ule ule nchi nzima ikafanya mgomo mkubwa, wa kwanza wa namna ile katika historia yake.

Wazee wa kwetu watakumbuka Élisabethville, Desemba 1941, maaskari walipowapiga risasi wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mishahara. Bahari ni pana, lakini machozi ya mama ni mamoja.

Kuko hata kamba ingine yenye kutufunga na pwani ile. Fuata bahari kwa upande wa kusini, utafika Masua. Pale sosiete ya Wabeleji, Vieille Montagne, ilitoboa mlima, na mwaka 1924 ikafungua Porto Flavia: mlango katikati ya ukuta wa jiwe, juu ya maji, ambamo mawe ya mgodi yalitelemka moja kwa moja ndani ya meli. Mbele ya hapo, wanaume waliyabeba kwa vikapu juu ya mabega mpaka kwenye mashua. Vieille Montagne ile ile iliunganishwa mwaka 1989 na Union Minière, jina ambalo kila nyumba ya Katanga inalijua.

Leo migodi ile imefungwa. Vijana wengi waliondoka kutafuta kazi mahali pengine. Wenye kubaki hawakubomoa mashimo. Waliyafanya kuwa mahali pa kutembelea. Katika handaki la Henry, ambamo treni ndogo ya moshi ilipita, mgeni anatembea na kutazama bahari kwa madirisha ya jiwe. Na njia ya miguu yenye jina la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, inaunganisha migodi ya zamani kwa karibu kilometa 500.

Na chakula? Sikukisahau. Mama wa Sardinia anatwaa unga wa ngano ngumu, anaunyunyizia maji ya chumvi, anauzungusha kwa vidole ndani ya bakuli pana mpaka unakuwa vipunje vidogo. Anavikausha katika tanuru, kisha anavipika pamoja na chaza wadogo wa bahari. Inaitwa fregula. Ni kazi ya mkono na ya uvumilivu, kama kusonga bukari: hauwezi kuiharakisha. Kuko tena mkate mkubwa wa duara, na jibini ya maziwa ya kondoo, kwa maana kisiwani kondoo ni wengi kuliko watu. Mwishoni wanakaanga andazi lenye jibini ndani na kulimwangia asali. Ni vyakula vya wachungaji na wavuvi, watu wasio na mali, lakini meza inajaa.

Ndugu msomaji, mawe ya Buggerru yaliuzwa yote na feza yake ilikwenda mbali. Kilichobaki ni saa ile ya midi. Ukipita leo, milango imefungwa kwa jua, familia ziko mezani, hakuna mwenye kuwakimbiza. Watu watatu walikufa kwa ajili ya saa ile.

Basi nakuuliza wewe baba: leo, ukirudi kutoka kazini, utakaa na watoto wako mezani? Na wewe mama, utawaita wote, hata kama ni sombe kidogo tu? Siku moja mgodi utakwisha. Meza yenu isikwishe mbele yake. Mungu aibariki.