Siku Bibi Alipoulizwa

Majimoto ya miaka ya tisini ilikuwa kijiji cha Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi, ambamo kijiji kimo leo, ulikuja kuanzishwa mwaka 2012. Wenyeji ni Wapimbwe. Sisi tulikuwa Wasukuma wa kuja, tuliofuata malisho na ardhi ya mpunga katika bonde linaloteremkia Ziwa Rukwa. Jirani zetu wa ukuta kwa ukuta walikuwa Waislamu wenye asili ya Ujiji, wanunuzi wa mchele. Tuliazimana vinu na nyungo, na Idi ikifika sahani za pilau zilivuka uani kwetu kabla hatujaanza kuzitamani.

Harusi zilisubiri mavuno. Kuanzia Juni mpunga ukishaingia ghalani, washenga walianza kuonekana njiani na fimbo zao.

Nyumbani kwetu ndoa ilikuwa ng'ombe. Nakumbuka posa ya shangazi yangu mdogo: wazee wamekaa chini ya mwembe tangu asubuhi, wanataja idadi, wanapunguziana, wanasimama kwenda kukagua mifugo zizini. Mtamba mmoja alikataliwa kwa sababu ya kwato, na mjadala wake ukachukua muda mrefu kuliko jambo jingine lolote siku ile. Shangazi alikuwa jikoni anawasongea wageni ugali. Hakuna aliyemwita. Sisemi wazee wale walikuwa wakatili. Ng'ombe wa mahari walizifunga koo mbili pamoja. Ndoa ikitikisika, wajomba wa pande zote walikimbia kusuluhisha, maana kuvunjika kwake ni kurudisha mifugo ambayo pengine imeshaoa wake wengine. Heshima hiyo naijua na naitunza. Lakini shangazi alibaki jikoni.

Mwaka uleule binti wa jirani aliolewa. Wanaume waliketi kwenye majamvi barazani, sisi wanawake na watoto tukajazana chumbani kwa bibi harusi, ubani ukifuka. Kabla ya lolote kufungwa, sheikh alikuja mlangoni na mashahidi wawili. Alimwuliza binti kama ameridhia kuolewa na kijana yule, na kama amempa baba yake idhini ya kumwozesha. Akamwuliza tena: mahari yako ni nini? Yapo mafundisho kwamba ukimya wa bikira unatosha kuwa ridhaa, na binti alikuwa ameinama, amenyamaza kwa haya. Sheikh hakuondoka. Alirudia swali kwa upole mpaka tukasikia sauti: ameridhia, na anataka msahafu, kitanda na cherehani. Ndipo wakarudi barazani, baba akatamka kuozesha, kijana akatamka kupokea, na ndoa ikawa imefungwa.

Bibi yangu alikuwa nami chumbani mle. Jioni, tukisaidia kuosha masufuria, alimwuliza mama wa bibi harusi: hiyo cherehani atapewa nani, wewe au mumeo?

"Ya kwake mwenyewe, mama," jirani alijibu. "Mimi na baba yake hatuna haki ya kuigusa mpaka yeye apende."

Ndivyo Kurani inavyoagiza katika Surat An-Nisaa, aya ya 4: wanawake wapewe mahari yao, na mume asile chochote humo isipokuwa mke akimpa kwa moyo wake. Bibi alinyamaza kitambo. Yeye aliozwa kwa ng'ombe kule Shinyanga, na ng'ombe wale walimwozea kaka yake.

Msimu uliofuata padre alipofika kigangoni kwetu sisi Wakatoliki alitangaza kwamba waliokuwa wakiishi kimila waandikishe majina ili ndoa zao zibarikiwe. Bibi alimsihi babu. Kwa miaka mingi alikuwa akibaki kwenye benchi wakati wenzake wanakwenda kupokea komunyo, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa akionyesha. Babu alipinga: ng'ombe alishatoa, wake watoe nini tena? Kisheria alikuwa na haki, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani au ya Kiislamu. Hatimaye alikubali.

Majina yao yalisomwa Jumapili tatu, vijana wakicheka, mtu mwenye wajukuu anatangazwa kama mchumba. Katika mafundisho katekista aliwaeleza jambo ambalo Bibi alilirudia nyumbani mara nyingi: katika Kanisa Katoliki padre ni shahidi tu wa Kanisa, wanaopeana sakramenti ya ndoa ni mume na mke wenyewe, na ridhaa yao ndiyo inayoifunga. Pasipo ridhaa hakuna ndoa, hata kama kuna pete, padre na kwaya.

Siku yenyewe walipanga mstari jozi nyingi, wengine na fimbo za kutembelea. Padre alimwuliza Bibi kama amekuja kwa hiari yake, pasipo kushurutishwa. Alijibu kwa sauti iliyosikika hadi nje kwa waliokosa nafasi, kisha akamtaja babu kwa jina lake la ubatizo, jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka, na kuahidi kuwa mwaminifu kwake siku zote za maisha yake. Zamu ya babu ilipofika alikwama, akafuta uso, ikabidi aanze upya.

Ninaamini dini hizi mbili, pamoja na yote yanayozitenganisha, zilikutana kijijini kwetu mahali hapo: kwamba mwanamke aulizwe, mbele ya mashahidi, na jibu lake lisikike.

Miaka baadaye barua ya posa yangu ilipoletwa, wazee walikaa palepale chini ya mwembe. Bibi aliwakatiza kabla idadi ya ng'ombe haijatajwa.

"Mwiteni mjukuu wangu kwanza," alisema. "Akikataa, hawa ng'ombe mtawahesabia nini?"

Baba alikuja mwenyewe jikoni kuniita.